Moyo umetibiwa ila mawazo hayatulii: cha kufanya ukiwa rihabu ya moyo

Ukitoka hospitali baada ya mshtuko wa moyo, stenti (kile kijibomba cha kupanua mshipa wa moyo) au baipasi (upasuaji wa kuipa damu njia mpya ya kufika kwenye moyo) unapewa somo refu la dawa, chumvi, sigara na mazoezi, halafu basi. Mara chache mtu anakwambia kwamba wiki ya pili unaweza ukajikuta saa nane usiku umekaa kitandani, umeshika kifua unahesabu mapigo, au asubuhi huna hamu hata ya kupokea simu. Jamani hii ni kawaida kuliko mnavyodhani, karibu mtu 1 kati ya 5 waliopata mshtuko wa moyo anapata sonona (depression) kamili, na wenye dalili dalili tu ni wengi zaidi. Wala sio udhaifu, mwaka 2014 jopo la wataalamu wa American Heart Association, chama cha moyo cha Marekani, lilipendekeza sonona ihesabiwe kama kihatarishi kwa wagonjwa hawa, yaani iwekwe meza moja na presha na sigara.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya rihabu, yaani ile programu ya mazoezi na ushauri ya kukurudisha sawa baada ya tatizo la moyo, sema. Usisubiri uulizwe. Sehemu nyingi wana fomu ya kupima sonona, inayotumika sana inaitwa PHQ-9, maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila swali alama 0 mpaka 3, ukifika 10 au zaidi inabidi ufuatiliwe. Kama hawajakupa, iombe. Na ujaze mwenyewe ukiwa peke yako, maana mtu akijaza huku mwenzi wake anachungulia majibu yote yanakuwa "hapana, hapana, hapana".

Kuna mtego hapa. Uchovu na kukosa usingizi vinaweza kuwa ni moyo wenyewe au dawa, wengine wakianza hizi dawa za kupunguza mapigo wanasikia mwili mzito. Kwa hiyo angalia zaidi hivi: vitu ulivyokuwa unavipenda bado vina ladha? Unajiona mzigo kwa watu? Unaona mbele kuna kitu au giza tu? Ikiwa siku nyingi ndani ya wiki 2 ndo hali hiyo, usiseme itapita.

Sasa wanawake na wanaume hapa hawafanani, na kwa maoni yangu ndipo wengi wanapopotezwa. Wanawake wanaingia rihabu wakiwa na alama za juu zaidi za hofu na sonona, halafu haohao ndo wanaopewa rufaa kidogo na kuacha katikati zaidi. Sababu moja iko wazi, mama akirudi nyumbani anakuta nyumba nzima inamsubiri yeye, anaona aibu kwenda kutembea kwenye mashine saa nzima wakati vyombo viko vile. Dada, kama hujapewa rufaa idai wewe mwenyewe, na kama kundi limejaa wanaume watupu na hujisikii huru uliza kama kuna kundi la wanawake au programu ya kufanyia nyumbani, siku hizi zipo. Na kazi za nyumbani zigawe kabla hujaanza, sio baada ya kuzidiwa.

Mwanaume yeye amefundishwa kujikaza kisabuni. Kwenye fomu yuko fresh kabisa, nyumbani anafokea watoto, anakunywa kuliko zamani, anarudi kazini kabla ya muda au haongei kabisa. Ukimuuliza "una sonona?" atakukatalia hapohapo. Muulize analala vipi, mbona mazoezi wiki hii hajaenda, anaogopa nini. Jambo wanaloliogopa wengi, wake kwa waume, na hawaulizi ni tendo la ndoa. Kwa kawaida mtu ambaye hali ya moyo wake imetulia na anayeweza kupanda ngazi ghorofa 2 bila maumivu wala kuishiwa pumzi anaruhusiwa, ila muulize daktari wako, na dawa za nguvu za kiume HAZICHANGANYWI na dawa za naitreti kama ile ya kuweka chini ya ulimi.

Kuhusu hofu ya mazoezi: moyo kwenda mbio ukitembea ni kazi yake. Kipimo rahisi, uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Mwombe nesi akuonyeshe mapigo yako kwenye skrini wakati unahema, kuona namba ziko sawa kunatuliza kuliko maneno mia. Ila usijifanye daktari, maumivu ya kifua yasiyoisha ukipumzika, jasho la baridi, maumivu ya mkono au taya, kichefuchefu au pumzi kukata ghafla, piga simu ya dharura kwanza, kama ilikuwa paniki tu utajua baadaye.

Tiba ipo. Mazoezi yenyewe yanapunguza sonona, tiba ya mazungumzo inasaidia, na dawa zipo pia, sertraline ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo na matokeo ya 2002 yalionyesha ni salama kwao. Zile za zamani za kundi la trisaikliki huwa zinaepukwa. Mwambie daktari kama unatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda maana zikikutana na dawa za sonona kama sertraline damu inaweza kutoka kirahisi, na usiongeze mitishamba kimyakimya.

Sonona inakufanya uruke siku moja ya rihabu, halafu mbili, halafu unaona aibu kurudi. Chagua mtu mapema, mwambie nikikosa mara mbili nipigie na usikubali sababu. Na mawazo ya kutaka kufa yakija, mwambie mtu siku hiyohiyo, usiku huohuo kama ni usiku, usingoje kliniki.

Programu ikiisha omba ujaze ile fomu tena, kuna watu wanaanguka hapo, pale ambapo hakuna tena nesi wa kuwaangalia mapigo.