Namna ya kusoma ripoti ya Mueller mwenyewe, usisomewe na mtu

Watu wengi wanaobishana kuhusu Urusi na uchaguzi wa Marekani wa 2016 hawajafungua hiyo ripoti hata ukurasa mmoja, na siwalaumu sana maana ina kurasa 448, ila ukijua pa kuanzia jioni mbili tatu zinakutosha kabisa.

Kwanini nakazania uisome mwenyewe? Robert Mueller aliteuliwa Mei 2017 kuwa mwendesha mashtaka maalumu wa kuchunguza hilo suala la Urusi, siku chache tu baada ya Rais Trump kumfukuza kazi James Comey, mkuu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Machi 2019 akamaliza akamkabidhi mwanasheria mkuu William Barr, Barr naye akatoa barua ya kurasa nne ya kueleza hitimisho la ripoti, ripoti yenyewe ikaja kutoka Aprili 18. Yaani wiki tatu na zaidi dunia nzima inajadili barua. Mueller mwenyewe alimwandikia Barr akalalamika kwamba barua ile haikubeba sawasawa uzito wa kazi yao, lakini ndo ishasambaa, na mpaka leo kuna watu wanachokijua ni ile barua tu.

Haya, pakua pdf. Usianze juu ukashuka kama unasoma riwaya, utachoka ukurasa wa 30. Kuna juzuu mbili: ya kwanza ni Warusi walifanya nini na je watu wa kampeni ya Trump walishirikiana nao, ya pili ni je Trump alijaribu kuuzuia uchunguzi. Kila juzuu ina muhtasari mwanzoni, soma hiyo mihtasari yote miwili kwanza.

Ila kabla ya muhtasari wa juzuu ya kwanza kuna kurasa chache za utangulizi ambazo watu wanaziruka, na kwangu mimi hapo ndo penye ufunguo wa kitabu chote. Wanaeleza lugha yao. Wanasema kabisa kwamba wakiandika uchunguzi haukuthibitisha jambo fulani, haimaanishi ushahidi wa jambo hilo haukuwepo. Soma hiyo sentensi mara mbili. Halafu kwenye pdf tafuta maneno "did not establish", yaani hayo ya haukuthibitisha, uone yametokea wapi na wapi, na kila yanapotokea soma na aya za juu yake, usichukue hiyo sentensi peke yake, maana hapo ndo kila upande huwa unakata kipande unachokipenda. Kwenye juzuu ya pili pia, wanasema hawahitimishi kwamba rais alitenda kosa, na papo hapo wanasema hawamsafishi. Yote mawili yameandikwa, ukinukuu moja ukaacha jingine umedanganya.

Utakuta sehemu zimefutwa kwa wino mweusi, usizijazie kichwani. Juu ya weusi wameandika sababu, mfano kesi bado inaendelea au ni faragha ya mtu.

Ukichoka na ripoti nenda kwenye hati za mashtaka, hasa ile ya Julai 2018 dhidi ya maofisa 12 wa GRU, ujasusi wa jeshi la Urusi. Ni fupi na inasomeka kama hadithi. Machi 2016 John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton aliyeshindana na Trump, anatumiwa emeili inayojifanya onyo la usalama kutoka Google, kuna linki ya kubadilisha neno la siri, linki inabonyezwa, zinaibwa emeili zaidi ya 50,000. Mtego uleule ambao wewe na mimi tunatumiwa kwenye simu kila wiki!

Mwisho linganisha na ripoti ya kamati ya ujasusi ya Seneti ya Marekani, nayo ilichunguza mambo hayohayo. Iliongozwa na Republican, chama cha Trump mwenyewe, na juzuu yao ya tano ilitoka Agosti 2020. Kwenye kikao chao cha Novemba 2017 ndo lilielezwa tukio la mjini Houston, Texas: kurasa mbili za Facebook, moja ya kutetea Waislamu nyingine ya kuwapinga, zikaita watu siku moja, Mei 21, 2016, nje ya kituo kimoja cha Kiislamu. Watu wakaja kweli wakazomeana barabarani. Kurasa zote mbili zilikuwa zinaendeshwa na ofisi ileile huko St. Petersburg, Urusi. Soma na ripoti ya 2023 ya John Durham pia, mwendesha mashtaka maalumu aliyeuchunguza uchunguzi wenyewe, inaikosoa FBI kwa jinsi ilivyouanza uchunguzi, na usiiruke kisa haikufurahishi.

Na kila unachokiokota andika namba ya ukurasa pembeni, ili mtu akikubishia umpe ukurasa akafungue mwenyewe.