Ukimsajili mzazi kwenye app ya hospitali tumia namba yake, sio yako

Nyie mnaowasaidia wazazi au wagonjwa wenu kujiunga na app ya hospitali, wekeni namba ya simu ya mgonjwa mwenyewe, maana mara nyingi akitaka kuingia zile namba za kuthibitisha zinatumwa kwenye simu iliyosajiliwa, sasa we uko kazini simu iko saileti, yeye kakwama na daktari anasubiri kwenye video. Mwisho anasema mambo ya mtandao siyawezi, na ndo harudi tena.

Halafu mpe simu abonyeze mwenyewe. Najua inachosha, anatafuta kitufe dakika nzima na wewe vidole vinakuwasha, ila ukimfanyia kila kitu kesho atakuita tena kwa kitu kilekile. Anza na jambo moja analolihitaji kweli, mfano kuona majibu ya vipimo au kuomba dawa zake za kila siku, hayo mengine atayafikia taratibu. Na kabla ya yote kuza maandishi kwenye setingi, wengi wanaosema app ngumu kumbe hawaoni tu.

Siku ya kuongea na daktari kwa video dawa zote ziwe mezani na maboksi yake ili mgonjwa amsomee daktari jina na miligramu, na akae uso ukiangalia dirisha, dirisha likiwa mgongoni daktari anaona kivuli tu. Ila kifua kikibana au akishindwa kupumua hakuna cha app hapo, mkimbizeni hospitali moja kwa moja.