Kupima na kuchora ramani ya kanisa la kale la Uingereza

Juzi nimekesha na mdogo wangu anayesomea usanifu Uingereza, kapewa kanisa la kijijini Norfolk alipime alichore, mistari ikagoma kukutana. Nikacheka, maana kosa hilohilo liliwahi kunipotezea siku mbili. Naandika hapa ili nisirudie kwa voisi.

1. Omba ruhusa, zunguka jengo, chora ramani nzima kwa mkono kwenye karatasi kubwa. Penseli, sio peni.

2. Vipimo. Hapa tulia. Usidhani kona ni skwea. Makanisa haya hayakujengwa mara moja, ukumbi wa waumini unaweza kuwa wa karne ya 12, sehemu ya altare ikajengwa upya karne ya 13, ubavu (ukumbi wa pembeni) ukaongezwa ya 14, kila fundi na kamba yake, ndo unakuta altare imepinda kidogo na kuta mbili zinazotazamana hazilingani urefu. Kwa hiyo kila chumba pima kuta nne NA mishazari yote miwili, yaani kona hadi kona inayokabiliana nayo. Wa kwanza unakupa umbo, wa pili unakuumbua kama umekosea. Dogo alikuwa na kuta nne tu, na kuta nne bila mshazari ni kitanda kilicholegea, ukikisukuma kinalala upande.

Halafu usipime vipande ukajumlisha, nusu sentimita ya kosa mara vipande 14 tayari ni sentimita 7. Tandaza futi ya mita 30, sifuri ikae konani, soma kila kitu humo humo: mlango unaanza wapi, unaishia wapi, dirisha, nguzo. Unene wa ukuta uchukue mlangoni na madirishani, hapo ndo ndani na nje vinashikana. Na Norfolk kuta nyingi ni za gumegume (mawe ya flint), zina mabonde, leza ya kupimia mi siiamini hapo, nukta inaangukia shimoni. Shika futi kwenye mawe yaliyochongwa ya kona, kimo kilekile mwanzo mwisho.

3. Chora kwa bikari, skeli 1:50 (sentimita 1 ya karatasi ni 50 za jengo), anza na mshazari, kisha toka ncha zake mbili zungusha bikari kwa urefu wa kuta, zinapokatana ndo kona.

4. Matao usikadirie kwa macho. Pima upana, na kimo toka tao linapoanzia hadi nchani. Upana mita 1, kimo sentimita 87? Bikari ikae mguu mmoja wa tao, ifunguke hadi mguu wa pili, zungusha, rudia upande wa pili, basi. Likiwa refu zaidi, kituo cha bikari kinatoka nje ya tao, kama yale madirisha membamba ya kanisa kuu la Salisbury lililoanza 1220. Likiwa fupi, kinaingia ndani. Yale yaliyobapa kama ya kanisa la King's College, Cambridge, yana vituo vinne, hayo pima kimo kila sentimita 10 uunganishe nukta. Wanaokimbilia AutoCAD, programu ya kuchorea, moja kwa moja wajue York Minster, kanisa kuu la York, bado ina sakafu ya plasta ambayo mafundi wa enzi hizo walikwaruzia matao kwa ukubwa wake halisi.

5. Wino, skeli, mshale wa kaskazini. Mshale tumia dira, usiseme altare si inatazama mashariki, mara nyingi inakosea digrii kadhaa.