Kusoma picha ya darubini ya Webb na wanafunzi wa Kigoma

Mwalimu mwenzangu, tafuta picha ya SMACS 0723, kundi la galaksi (galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota) lililopigwa picha na darubini ya angani ya Webb. Iko kwenye tovuti ya NASA, ile iliyotolewa Julai 2022. Usitumie iliyozunguka WhatsApp. Imebanwa mpaka vidoa vidogo vimefutika, na hivyo vidoa ndivyo tunavyovitaka.

Kabla ya kuionyesha, wapeleke vijana ufukweni, Kibirizi au Katonga, kila mmoja aokote punje moja ya mchanga na kunyoosha mkono juu. Picha nzima imefunika eneo la anga lisilozidi hiyo punje. Ukitaka kulifanya zoezi hili usiku wa giza, nyota zikiwa nyingi, tafuta mahali ambapo taa za wavuvi wa dagaa haziwapigi machoni, maana nao huingia ziwani siku hizohizo.

Sasa fungueni picha. Anzeni kwa kuondoa nyota: kila chenye miiba mirefu sita kiko ndani ya galaksi yetu, na miiba hiyo inatokana na umbo la kioo cha darubini, chenye vipande 18 vya pembe sita. Zirukeni. Karibu vyote vilivyobaki ni galaksi.

Ule weupe wa katikati ni kundi la galaksi ambalo mwanga wake umesafiri miaka bilioni 4.6. Uzito wake unapinda na kukuza mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake, ndiyo maana mnaona michirizi iliyojikunja.

Kwenye vidoa vyekundu, punguzeni mwendo. Wanafunzi watasema chekundu zaidi ndicho cha kale zaidi. Si lazima. Galaksi iliyojaa vumbi nayo huwa nyekundu, na isitoshe, rangi zimepakwa na wataalamu, kwa kuwa Webb inapima mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Kinachoamua ni hesabu.

Gesi ya haidrojeni iliyotanda enzi za mwanzo wa ulimwengu ilimeza mwanga wenye wimbi fupi kuliko mikroni 0.1216 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ulimwengu ukitanuka, wimbi nalo hurefuka njiani, na ule mpaka husogea. Kwa hiyo tazameni chati ya mwanga wa galaksi, inayoonyesha kiasi cha mwanga kwa kila urefu wa wimbi, oneni unakatikia wapi, kisha gawanyeni kwa 0.1216. Chukueni galaksi JADES-GS-z14-0, iliyotangazwa 2024: mwanga unakatikia karibu na mikroni 1.85. Jibu ni kama 15.2. Yaani tangu mwanga huo uondoke, ulimwengu umetanuka mara 15 hivi. Wakati huo ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka milioni 300 tu. Leo una bilioni 13.8.

Hapo ndipo swali la kwa nini iundwe darubini mpya linapojijibu, nami hulisubiri kwa hamu. Darubini ya angani ya Hubble, iliyorushwa 1990, inaishia mikroni 1.7. Galaksi hii inaanza kuonekana pale Hubble inapokoma! Tukibaki ardhini, hewa humeza sehemu kubwa ya infraredi na yenyewe hung'aa kwa joto. Hata darubini ikipata joto hujipofusha, ndiyo sababu Webb imewekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya pazia la tabaka tano linaloikinga na jua.

Zoezi la nyumbani: galaksi MoM-z14, mwanga unakatikia karibu na mikroni 1.88. Majibu yaangukie kati ya 15.4 na 15.5. Anayeleta 0.23 amezidisha badala ya kugawanya.