Somo: Kutumia fonti nene yenye mbwembwe bila kuharibu kazi

Fonti nene, zilizojaa na zenye kona za mviringo, nazipenda sana. Mama yao kwangu ni Cooper Black, aliyoichora Oswald Cooper wa Chicago, ikatoka mwaka 1922. Tangu mwanzo kazi yake ilikuwa matangazo, si aya. Hapo ndipo wengi tunapokosea.

Hatua ya 1: Punguza maneno. Mawili au matatu yanatosha. Likiingia la nne, msomaji anaanza kuchoka.

Hatua ya 2: Kagua matundu, yaani nafasi tupu ndani ya herufi. Hii ndiyo hatua kubwa. Andika a, e, B na 8 kwa ukubwa uleule utakaotumia, chapisha, bandika ukutani, kisha rudi nyuma. Tundu la e kwenye fonti hizi ni mwanya mwembamba tu. Wino ukitanuka kidogo, au skrini ikiwa ndogo, mwanya unaziba na herufi inabaki doa. Mimi siishushi chini ya pointi 24.

Hatua ya 3: Rekebisha nafasi kwa mkono. Andika WATOTO kwa herufi kubwa. Utaona pengo kati ya A na T, na jingine chini ya bawa la T kabla ya O. Fonti nyingi za bure hazijapangwa vizuri hapo, kwa hiyo sogeza herufi mojamoja mpaka weupe ulingane machoni, hata kama vipimo vya programu vinasema vingine.

Hatua ya 4: Ipe mwenza mtulivu. Tarehe, mahali na maelezo yaandikwe kwa fonti ya kawaida kama Noto Sans. Mbili zenye mbwembwe kwenye bango moja zinagombana.

Inafaa kwa bango la tamasha, jalada la kitabu cha watoto, fulana, lebo na kijipicha cha video. Tangazo la msiba, mkataba na maelekezo ya dawa, hapana kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, fonti za bure naweza kuzitumia kwenye kazi ya mteja?
Soma leseni kwanza, ndugu. "Bure kwa matumizi binafsi" haimhusu mteja anayekulipa. Fonti za Lilita One na Chango zina leseni ya SIL Open Font License: kazi za biashara ruksa, ila huruhusiwi kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Nikizungushia mstari wa pembeni herufi zinaharibika. Kwa nini?
Kwa kawaida mstari huo hukaa katikati ya ukingo. Nusu inakula unene wa herufi, nusu nyingine inaingia kwenye matundu na kuyaziba. Ukiusukuma wote nje, matundu ndiyo yanaumia zaidi. Achana nao, weka kivuli kigumu upande mmoja, chini kulia kwa mfano.

Na herufi kubwa tupu?
Kwa neno moja fupi, sawa. Zaidi ya hapo changanya na ndogo, maana kwenye Cooper Black utamu wote uko kwenye a, g na y.