Kuandaa somo la Krispo, mkuu wa sinagogi, bila kumpiga asiyepigwa

Kijana mmoja wa kwaya alipangiwa neno kwenye ibada ya jumuiya, akapewa Matendo 18:8, mstari unaosema kwamba Krispo, mkuu wa sinagogi (nyumba ya ibada ya Wayahudi) huko Korintho, alimwamini Bwana pamoja na nyumba yake yote. Akaja kwangu jioni: "Mwalimu, mstari mmoja huu nitausemaje dakika ishirini?" Tukakaa barazani mpaka taa zikawashwa. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Hatua ya 1. Soma Matendo 18:1–18, mara mbili, kwa sauti.

Hatua ya 2. Simu weka mbali. Chukua Biblia ya karatasi, penseli na daftari. Programu za Biblia nazijua, ninazo, lakini ukitafuta "Krispo" inakuletea vimstari viwili vilivyokatwa, wakati habari yake imetandaa sura nzima. Vitabu vya ufafanuzi navyo fungua mwisho kabisa, la sivyo utasimama kuhubiri mahubiri ya mwenzio.

Hatua ya 3. Jua cheo chake. Wengi wakisikia "mkuu wa sinagogi" wanamwona mchungaji. Huyu alikuwa zaidi msimamizi: ibada iende kwa utaratibu, jengo liangaliwe, na nani apewe nafasi ya kusema. Katika Matendo 13:15 ni wakuu wa sinagogi wanaomtumia Paulo na wenzake ujumbe wa kuwakaribisha waseme neno. Yerusalemu lilipatikana jiwe lenye maandishi ya Kiyunani la Theodoto, kuhani na mkuu wa sinagogi, ambaye baba yake na babu yake walishika cheo hicho hicho. Linasema alijenga sinagogi la kusomea Torati, na vyumba vya wageni na maji. Kwa hiyo mweleze Krispo kama mtu wa heshima mjini, mwenye mengi ya kupoteza.

Hatua ya 4. Mtenganishe na Sosthene. Hapa nenda polepole, maana mimi pameniaibisha. Mwaka fulani nilifundisha saa nzima jinsi Krispo alivyoamini, akakamatwa, akapigwa mbele ya kiti cha hukumu. Nilipopumua, bibi mmoja, miwani ikiwa ncha ya pua na kidole kwenye mstari, akasema taratibu: "Mwalimu, hapa kwangu aliyepigwa ni Sosthene."

Nilirudi nyumbani nikakesha. Sura ni moja, cheo ni kile kile, watu wawili. Krispo anaamini mstari wa 8. Paulo anakaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, mstari wa 11. Ndipo linakuja shtaka juu ya Paulo mbele ya Galio, liwali wa Akaya (jimbo la Kirumi lenye Korintho), ambaye maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delphi, Ugiriki, yanatuwezesha kumweka karibu na mwaka 51 au 52 B.K. Galio anakataa kulisikiliza, na Sosthene anapigwa, mstari wa 17.

Je, Sosthene alirithi kiti cha Krispo? Inawezekana, ila usiseme kwa uhakika: Matendo 13:15 inataja *wakuu*, wengi, katika sinagogi moja, kwa hiyo huenda wawili hawa walikuwa pamoja. Waliompiga ni nani? Nakala nyingine za kale zinasema Wayunani, nyingine "wote" tu. Na yule Sosthene "ndugu yetu" wa 1 Wakorintho 1:1? Jina ni lile lile, Paulo haongezi neno, nawe usiongeze. Andika K na S pembeni kwa penseli kila wanapotokea. Ni kazi ya dakika mbili, ingeniokoa usiku mzima.

Hatua ya 5. Chora nyumba mbili zilizopakana. Paulo alipopingwa alikung'uta mavazi yake, akaondoka, lakini hakufika mbali: aliingia kwa Tito Yusto, ambaye nyumba yake ilipakana na sinagogi. Waache wasikilizaji waitazame picha hiyo. Krispo akitaka kumsikia Paulo, anaingia mlango wa jirani, mbele ya macho ya watu aliokuwa akiwapangia zamu za kusoma. Tena si peke yake, anakwenda na nyumba yake yote.

Hatua ya 6. Soma 1 Wakorintho 1:14–16. Paulo anashukuru kwamba hakubatiza mtu pale ila Krispo na Gayo, kisha anakumbuka, loo, na watu wa nyumbani mwa Stefana. Napenda sana kusahau kule. Lakini Krispo ndiye aliyemtaja wa kwanza.

Hatua ya 7. Futa maneno "aliacha Uyahudi" kwenye daftari lako. Paulo ni Myahudi, Akila, mwenyeji wake wa mstari wa 2, ni Myahudi, na mstari unasema tu kwamba Krispo alimwamini Bwana. Ukianza kuwasema Wayahudi kama adui, umeshamtukana hata Krispo mwenyewe.

Jumatano kijana alisimama na daftari lake. Kwenye nyumba mbili peke yake alikaa robo saa, na ilibidi mzee wa kanisa amwoneshe saa.