Namna ya Kulisoma Soko la Nyumba la Hale na Altrincham Kabla ya Kutaja Bei

Hale, Bowdon na Altrincham ni vitongoji vya wenye nazo kusini-magharibi mwa Manchester. Tangu mwaka 1974 vimo katika halmashauri ya Trafford, ingawa matangazo mengi ya nyumba bado huviandika kuwa vya mkoa wa Cheshire, kwa kuwa jina hilo huuza. Anayetaka kununua huko na aanze na kumbukumbu za serikali, matangazo yafuate baadaye.

Kwanza, fungua orodha ya bei zilizolipwa, inayotolewa bure na idara ya usajili wa ardhi ya England na Wales tangu Januari 1995. Mbele ya kila bei kuna tarehe, msimbo wa posta na herufi: D ni nyumba iliyosimama peke yake, S ni nyumba pacha, T ni ya safu na F ni fleti. Safu wima nyingine ya orodha hiyo ina F tena, lakini hapo maana yake ni umiliki kamili pamoja na ardhi, na L ni umiliki wa muda kwa mkataba wa upangaji wa ardhi. Usiipuuze L hiyo, kwani huku kaskazini-magharibi mwa England hata nyumba nzima, si fleti tu, huweza kuwa juu ya ardhi ya mtu mwingine kwa miaka 999. Mwambie wakili wako aulize kodi ya ardhi ni kiasi gani na analipwa nani.

Usitegemee wastani wa bei wa msimbo wa posta WA15. Msimbo huo unaiweka Hale, yenye majumba ya enzi za Victoria na Edward, katika kapu moja na Timperley, ambako nyumba pacha za kawaida ni nyingi, na wastani unaopatikana haumhusu mnunuzi wa upande wowote. Soma mtaa mmoja mmoja, na kwa kuwa mtaa mfupi huweza kuuza nyumba mbili tu kwa mwaka, rudi nyuma miaka kadhaa.

Kuhusu wakazi, tumia sensa ya tarehe 21 Machi 2021, ambayo matokeo yake hushuka hadi maeneo madogo ya kaya mia chache. Angalia umri, kazi, idadi ya magari, na hasa wangapi wanamiliki nyumba bila deni: palipojaa wazee wasio na mkopo, nyumba haziuzwi mara kwa mara. Jedwali la safari za kwenda kazini lichukuliwe kwa tahadhari, maana siku hiyo nchi ilikuwa katika vizuizi vya korona na wengi walikuwa wakifanyia kazi nyumbani.

Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya bei ya huku ni ya shule na reli. Trafford bado ina shule za serikali zinazochagua wanafunzi kwa mtihani, bila ada, na kila moja ina masharti yake ya udahili. Yasome kwenye tovuti ya shule yenyewe, kwa sababu dalali akisema "karibu na shule" hajakuahidi nafasi. Reli ilifika Altrincham mwaka 1849, na tangu 1992 tramu za Metrolink ndizo zinazopita njia hiyo hadi katikati ya Manchester.

Mwisho, piga hesabu ya ushuru wa stempu, yaani kodi anayolipa mnunuzi wa nyumba. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, nyumba ya pauni 900,000 hutozwa pauni 35,000: hakuna kitu kwa 125,000 za kwanza, asilimia 2 hadi 250,000, na asilimia 5 kwa zilizobaki. Ndugu aliyeko Muscat au Dubai, asiyehesabiwa kuwa mkazi wa Uingereza, huongezewa asilimia 2 ya bei yote, yaani pauni 18,000, na kama tayari ana nyumba nyingine popote duniani, kwa kawaida asilimia 5 zaidi. Baada ya ofa kukubaliwa, kumbuka kwamba muuzaji anaweza kumgeukia mwenye dau kubwa zaidi hadi siku mtakapobadilishana mikataba iliyotiwa saini.